TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI: HATUTAJIBU PICHA YA KUUNGA KWA PICHA YA KUUNGA



Tangu juzi usiku simu zetu hazijapumzika. Kila mmoja ameletewa ile picha, wengine mara nne au tano, inayomwonyesha mgombea wetu wa uenyekiti wa mtaa amekaa meza moja na yule bwana anayelitaka eneo la wazi la soko, na mbele yao kuna bahasha ya kaki. Chini wameandika kwamba eneo limeshauzwa. Tunasema bila kuzunguka: picha hiyo ni ya kuunga. Ni picha mbili zilizokatwa zikabandikwa pamoja.

Picha halisi ilipigwa kwenye kikao cha wazazi shuleni, na wengi wenu mlikuwepo. Pale mezani alikaa mwalimu mkuu, na mbele yao palikuwa na daftari la mahudhurio. Mwalimu ameondolewa, amewekwa yule bwana. Daftari limefunikwa na bahasha. Mwenye macho aangalie vivuli: kwa mgombea wetu mwanga unatoka dirishani, upande wa kushoto wa picha, kwa mwenzake unatoka kulia. Watu wawili wamekaa meza moja, kila mmoja na jua lake! Ukikuza sehemu ya bega la yule bwana utaona ukingo umekatwa kama kwa mkasi butu, na mistari ya kitambaa cha meza inafika kwenye kiwiko chake inapotea.

Hayo ya waliotengeneza tutayarudia chini. Kilichotufanya tuandike usiku huu ni yaliyotokea ndani ya grupu letu wenyewe. Jana, kabla ofisi haijatoa tamko, yaliletwa mapendekezo mawili. La kwanza, kichwa cha mgombea wa upande wa pili kibandikwe kwenye picha ya mlevi aliyelala barazani mwa baa. La pili lililetwa kwa upole zaidi: picha ya mkutano wetu wa Jumapili "inenepeshwe" kidogo, watu wa nyuma warudiwe mara mbili tatu, uwanja uonekane umefurika. Yote mawili yalipata dole gumba nyingi sana, na wengine mlioweka dole gumba ni watu wazima tunaowaheshimu. Ofisi imeyakataa yote mawili.

Mlituandikia kwamba dawa ya moto ni moto. Tumelisikia. Basi tuseme kwanza lililo kweli kwa upande wenu, maana hatupendi kushinda hoja kwa kuificha nusu.

Ni kweli kwamba picha ya kuunga inaweza kumwangusha mtu. Mwaka 1950, katika jimbo la Maryland huko Marekani, Seneta Millard Tydings alikuwa anatetea kiti alichokikalia tangu 1927. Alikuwa ameongoza kamati iliyochunguza tuhuma za Joseph McCarthy kwamba serikali imejaa wakomunisti, na McCarthy hakumsamehe. Wakati wa kampeni likachapwa gazeti la kurasa chache likasambazwa kwa wapiga kura, ndani yake picha ya Tydings ameelekeza uso kwa Earl Browder, aliyekuwa kiongozi wa chama cha kikomunisti, kana kwamba wanateta. Sehemu ya Tydings ilitoka kwenye picha ya 1938, akisikiliza redio. Nusu nyingine ilitoka kwingine kabisa. Tydings alishindwa. Kamati ya Seneti ilichunguza mwaka uliofuata ikailaani kampeni ile, lakini aliyeshinda, John Marshall Butler, alibaki na kiti chake.

Kwa hiyo anayesema "inafanya kazi" hasemi uongo. Na kabla hamjatuandikia kwamba nyie mtaweka maandishi madogo chini kueleza kuwa ni picha ya kuunganishwa, jueni kwamba hata wale wa Maryland waliweka. Neno la kueleza hivyo lilikuwemo kabisa kwenye maelezo chini ya picha. Lakini jicho huona sura mbili zinazoteta kabla halijafika kwenye maandishi, na likishaona halitoki tena. Maandishi yale hayakumsaidia msomaji. Yaliwasaidia waliochapa kuwa na la kusema siku ya kuulizwa.

Sasa kwa nini tunakataa? Tuwapeleke kwenye jambo tunalolijua kwa kazi, maana ofisi hii imeshika vitabu vya hesabu kabla ya kushika muhuri wa chama. Chukua risiti mbili halali. Kwenye moja toa tarehe, kwenye nyingine toa kiasi, zibandike, piga kopi. Kila herufi iliyomo ni ya kweli, mhuri ni wa kweli, sahihi ni ya kweli. Risiti ni ya kughushi. Na mkaguzi akiikuta haishii kuitoa hiyo moja akaendelea na chai yake. Anarudi mwanzo wa jalada, anazikagua zote upya, na zile ulizozitunza kwa uaminifu miaka kumi nazo zinawekwa alama ya kuuliza.

Ndivyo ilivyo kwa picha. Mwaka 2006, wakati wa vita vya Lebanon, mpiga picha mmoja aliyekuwa akiliuzia picha shirika la habari la Reuters aliongeza moshi juu ya jiji la Beirut kwa kompyuta. Moshi ulikuwepo kweli, mabomu yalikuwa yanaanguka kweli. Yeye aliurudia uonekane mzito zaidi. Alipokamatwa, Reuters waliziondoa sokoni picha zake zote, 920. Fikirieni ni ngapi kati ya hizo zilikuwa za kweli tupu, ushahidi wa watu walioumia kweli. Zote zilikwenda na moshi.

Na hili la pili linawahusu ninyi wa kunenepesha mkutano. Julai 2008 Iran ilirusha makombora ya majaribio, ikatoa picha ya makombora manne yakipaa pamoja. Magazeti makubwa duniani yaliiweka ukurasa wa mbele. Haukupita muda ikatokea picha nyingine ya tukio lile lile: yaliyopaa ni matatu, la nne bado liko chini. Kwenye picha ya kwanza lile la nne lilikuwa limeundwa kwa vipande vya moshi na vumbi vya wenzake. Makombora matatu si jambo dogo, ndugu zangu. Lakini dunia nzima ilimaliza wiki ikicheka lile moja, na yale matatu ya kweli hakuna aliyeyaogopa tena.

Mkutano wetu wa Jumapili viti 150 tulivyokodi vilijaa na watu wakasimama mpaka kwenye ukuta wa kinyozi. Hao walikuja kwa miguu yao, juani, hawakulipwa nauli. Ukiwarudia mara tatu umewatukana, maana umewaambia hamkutosha. Na wapo jirani wa pale waliochungulia dirishani wakahesabu. Wakiona picha ya watu elfu mbili watajua tumedanganya idadi. Watasemaje tukiwaambia hatukudanganya kuhusu eneo la soko?

Hapo ndipo penye shina la jambo lote. Mgombea wetu ana silaha moja tu ya kujisafisha, nayo ni picha halisi ya kikao cha shule. Hana televisheni, hana gazeti, hana wakili wa kupiga simu. Siku tutakapoibandika ile picha ukutani pa ofisi, mama muuza mbogamboga atasimama ataitazama, kisha ataitazama ile ya kwenye simu yake, na atajiuliza swali moja: hawa wenye picha hii wana tabia ya kutengeneza picha au hawana? Jibu la swali hilo haliko kwenye picha. Liko kwenye tuliyoyafanya wiki hii. Tukitoa ya mlevi na ya umati, tutakuwa tumeishusha ile ya kweli ikawa moja kati ya picha nyingi za uchaguzi, na mama yule ataenda zake akisema wote ni wale wale. Waliounga picha wanalitaka hilo zaidi ya kitu chochote. Hawahitaji waaminiwe. Inawatosha sisi tusiaminiwe.

Mfano wa picha halisi kufanya kazi upo. Mwaka 2004 John Kerry aligombea urais wa Marekani. Ikasambaa picha kama kipande cha gazeti la zamani, Kerry kijana amesimama jukwaani na mwigizaji Jane Fonda, ambaye maaskari wengi wa zamani walimchukia kwa msimamo wake juu ya vita vya Vietnam. Mpiga picha Ken Light alikwenda kwenye makabati yake akatoa filamu yake ya 1971: Kerry peke yake, kwenye mkutano wa amani huko Mineola, New York. Ya Fonda ilikuwa ya mwaka uliofuata, Miami, imepigwa na mtu mwingine. Hakuhitaji kutukana mtu. Alikuwa ametunza filamu yake miaka 33, na jina lake halikuwa na doa la kughushi.

Wapo watakaosema ofisi sasa inapiga marufuku kuunganisha picha. Hapana. Wengi wetu ukutani nyumbani tuna picha ya studio ambapo marehemu baba amewekwa pembeni ya wajukuu ambao hakuwahi kuwaona. Hakuna aliyedanganywa pale. Kila anayeingia sebuleni anajua mzee alifariki lini, na mama anaitazama akafarijika. Hata kwenye siasa ipo picha ya kuunga isiyo na hila. Mjerumani John Heartfield mwaka 1932 alimwonyesha Hitler anahutubia, kifua chake wazi kama picha ya eksirei, na kooni mpaka tumboni mmejaa sarafu. Hakuna Mjerumani aliyedhani mtu yule amemeza sarafu kweli. Kila mmoja alielewa anaambiwa nani anamlipia yule bwana hotuba zake. Ni katuni iliyotengenezwa kwa mkasi, na aliyeitengeneza ilimbidi aikimbie nchi yake mwaka uliofuata. Vijana wetu wenye ufundi huo wakaribie kwa Mwenezi hata kesho, karatasi na bando tutatafuta. Lakini kumweka jirani yetu, baba wa watoto tunaowafahamu, barazani mwa baa asiyoingia, ili watu wadhani alikuwepo, hiyo si katuni.

Kuhusu sheria tutasema kidogo, maana hatutaki mtii kwa hofu tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha kwa kompyuta au simu taarifa au picha anayojua ni ya uongo au ya kupotosha kwa nia ya kuchafua au kudanganya. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kijana wetu akikamatwa, dole gumba mlizomwekea hazitamlipia.

Sasa la kufanya. Aliyepiga picha siku ya kikao cha wazazi, au mwenye picha yoyote ya siku ile, asiifute na asiikate. Ailete kwa Mwenezi kwenye simu ile ile iliyopiga, au aitume kama dokumenti, kwa sababu ukiituma kama picha ya kawaida WhatsApp inaibana na kuiondolea tarehe na maelezo ya kamera, na hayo ndiyo tunayoyahitaji. Mwalimu mkuu tumemwomba kwa adabu athibitishe alikaa wapi. Asipigiwe simu na mtu mwingine, yeye si mwanachama wa upande wowote na tumwache hivyo. Ile picha ya uongo msiifowadi hata kwa nia ya kuikanusha. Kila unapoituma umeisaidia kutembea. Atakayeiona kwenye grupu lingine aandike sentensi moja: picha halisi ipo ofisini, njoo uione.

Picha halisi itabandikwa nje ya ofisi ya tawi kuanzia kesho saa 4 asubuhi, kubwa, pamoja na ile ya uongo pembeni yake, na vivuli vimezungushiwa kalamu nyekundu. Wajumbe wa mashina mpitie jioni mchukue nakala za kupeleka nyumba kwa nyumba. Waleteni na wa upande wa pili waone. Aliyeandika pendekezo la mlevi tumeshaongea naye na ameliondoa, kwa hiyo asisemwe tena kwenye grupu.

Ujumbe huu unaruhusiwa kusambazwa kama ulivyo, bila kukatwa wala kuongezwa.

Ofisi ya Katibu wa Tawi