Baraza Likivunjwa, Mtaa Utaketi Wapi?



Kusini mwa Bujumbura, pale Mugere, pana jiwe ambalo wageni hupelekwa kulitazama na kupigwa picha mbele yake. Livingstone na Stanley walilala hapo mwezi wa Novemba 1871, usiku mara mbili, kisha wakaenda zao. Sina ugomvi na jiwe hilo. Ugomvi wangu ni na mizani yetu. Wasafiri wawili waliopita njia twawahesabia urithi; nyumba za Buyenzi, ambamo vizazi vimezaliwa, vimeozwa na kufanyiwa matanga, twaziita magofu yanayosubiri nyundo.

Yafaa kwanza muijue nyumba ninayoitetea. Mbele ina baraza linaloelekea barabarani. Ukivuka mlango waingia ukumbi mwembamba uliopita katikati, vyumba vikiwa kulia na kushoto. Mwisho wa ukumbi ni ua, na uani mna jiko, choo na kamba ya kuanikia nguo. Kuta ni za tofali za udongo, paa ni la bati. Ramani hiyo hiyo utaikuta Ujiji na Tabora, kwa kuwa ilifuata njia ya biashara kutoka mwambao hadi Ziwa Tanganyika, pamoja na lugha tunayojifunza.

Wabelgiji walipoutwaa mji huu mwaka 1916, uliokuwa ukiitwa Usumbura, waliutawala kwa kuwatenga wakazi: Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao. Ndiyo maana barabara za Buyenzi zimenyooka kama mistari ya daftari na kuitwa kwa nambari. Lakini ndani ya mistari ya mtawala, mwenyeji alijenga nyumba aliyoijua yeye. Anayesema kuwa Buyenzi ni kazi ya mkoloni tu ameitazama ramani, hakubisha hodi.

Husemwa kuwa udongo si urithi. Urithi ni mawe na milango ya nakshi, kama Mji Mkongwe wa Zanzibar ulioingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2000, au Lamu iliyofuata mwaka 2001. Basi wenye hoja hiyo na waeleze habari za Djenné, nchini Mali. Mji huo ni wa udongo, msikiti wake mkuu ni wa udongo, nao umo katika orodha hiyo hiyo tangu mwaka 1988. Wenyeji wake huupiga msikiti lipu upya kwa mikono yao. Udongo hauna kosa. Kosa ni la anayeacha kuutunza.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami siidharau. Kiwanja cha mjini ni mali, na mwenye nyumba ana watoto wa kusomesha. Ghorofa yenye maduka chini humletea kodi, ilhali baraza halimletei kitu. Ni kweli. Lakini hesabu hiyo imesahau kitu kimoja, na lugha yenyewe yatukumbusha. Baraza ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba. Kwa kuwa wazee walikaa hapo kusikiliza mashauri, neno likawa jina la mkutano wenyewe. Leo twasema Baraza la Mawaziri na Baraza la Usalama. Uraia wetu umekopa jina lake kwenye kiambaza cha nyumba ya kawaida.

Na si jina tu. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilipoigawa mitaa mingi ya Bujumbura kwa ukabila, Buyenzi ilibaki mtaa wa watu mchanganyiko. Sidai kuwa nyumba zilizuia vita. Nasema tu kwamba watu waliozoea kuketi nje pamoja kila jioni hujuana kwa majina kabla ya kujuana kwa makabila. Ukuta mrefu wenye geti la chuma hauwezi kufundisha hivyo.

Burundi ina sheria ya kulinda urithi wa utamaduni wa taifa, ya tarehe 25 Mei 1983. Sheria hiyo isiishie kwenye ngoma na makaburi ya wafalme. Wala sitaki Buyenzi iwe jumba la makumbusho. Choo kibovu kijengwe upya, bati lililooza libadilishwe, umeme uingie. Nataka nyumba chache zilizo kamili ziorodheshwe, wenyewe wasaidiwe kuzikarabati badala ya kulaumiwa kwa umaskini wao, na anayejenga upya ahimizwe kuacha baraza mbele.

Kila tarehe 7 Julai twaisherehekea lugha ya Kiswahili kwa hotuba na mashairi. Sherehe hiyo ni nusu ya heshima ikiwa siku inayofuata twanyamaza nyumba iliyoilea lugha ikibomolewa.

Kazi yenu ya juma hili ni hii. Chagueni nyumba moja kongwe, ombeni ruhusa ya mwenyewe, pimeni ukumbi na vyumba, choreni ramani yake, na mwulizeni mzee wa nyumba ni nani walioketi barazani pake. Andikeni majibu kwa Kiswahili sanifu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa za Buyenzi bado zazibika.