Motahomu ya Mmarekani Huku Kilungu? Piga Hesabu Kwanza

Naweka jibu mbele ndio usipoteze bando: motahomu kubwa ya petroli, yale mabasi ya Wamarekani yenye kitanda, jikoni na choo ndani, si gari letu. Si la Kilungu, na kwa wengi wenu mnaonifuata, si la Nairobi pia. Sio wivu. Kuna pesa ya watu inataka kuingia hapo, na ni afadhali tuongee kabla haijaingia.

Mbogi yetu ni watu wanne. Tumeweka akiba miaka 2 ndio tuanze kuzunguka Kenya tukipiga vidio. Sasa mmoja wetu ana mjomba huko Texas anayeuza motahomu yake. Picha zimetumwa kwa grupu na kila mtu amewaka. Lakini akiba haitoshi, kwa hivyo kuna wazo kwamba mama wa mmoja wetu aweke hati ya shamba benki. Hapo mimi nimesimama. Mashamba ya hivi vilima ni matuta yaliyochimbwa kwa jembe, mengine kwa mwethya, watu wakisaidiana boma kwa boma. Huwezi kuyaweka rehani kwa sababu ya picha za WhatsApp.

Tuanze na sheria, maana inamaliza stori haraka. Gari la Marekani lina usukani kushoto, na Kenya haisajili gari la kawaida la aina hiyo. Pia gari lililotumika likizidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa. Halafu kuna ushuru: wa kuingiza gari asilimia 35, juu yake ushuru wa bidhaa, juu yake tena VAT asilimia 16. Hizi zinapandiana, kila moja inahesabiwa juu ya ile iliyotangulia. Mjomba akikuambia bei yake, bado hajakuambia bei ya Mombasa.

Sawa, tuseme umepata ya usukani wa kulia mahali pengine. Sasa tuangalie mafuta. Hizi kubwa za petroli nyingi zimejengwa juu ya chasisi ya Ford F-53, ile yenye injini ya V8 ya lita 7.3 kwa zile mpya. Ikiwa imebeba maji, vyombo na watu, inaweza kunywa karibu lita 30 kwa kila kilomita 100. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480, yaani lita 144. Weka petroli shilingi 180 kwa lita: hiyo ni 25,920 kwenda tu. Kurudi, ongeza hiyo hiyo. Na mnakumbuka 2023 petroli ilipovuka 200. Watu wanne kwa SGR ya kawaida, 1,500 kila mtu, ni 6,000. Hata HiAce ya petroli ikienda kilomita 9 au 10 kwa lita, safari hiyo ni kama 9,000.

Halafu kuna mlima. Nani amewahi kupanda kutoka Salama hadi Nunguni nyuma ya lori? Sasa wewe ndio utakuwa hilo lori. Gari la mita 10, uzito wa tani 10 hivi, kwa zile kona, na ukungu wa asubuhi umeshuka. Leseni ya gari dogo pia haitoshi, unahitaji ya lori. Ikiharibika, fundi wetu anajua Toyota hadi usingizini, na spea za Toyota ziko Emali, ziko Machakos, ziko Kirinyaga Road. Spea ya F-53 utaagiza ng'ambo, na gari litakungoja hapo barabarani na mawe na matawi mbele yake.

Kitu kingine watu hawafikirii ni kwamba motahomu haifanyi kazi peke yake. Marekani kuna kambi zenye stima ya kuchomeka, bomba la maji na mahali pa kumwaga uchafu wa choo. Umeme wao ni volti 120, wetu ni 240, kwa hivyo huwezi kuchomeka tu hivi. Na maji? Huku Makueni watu wananunua maji kwa mtungi, na wewe unataka kujaza tanki uoge kwa shawa. Uchafu wa choo utaumwaga wapi, kwa mto?

Sisemi hizi gari ni mbaya. Wazee wa Marekani waliostaafu wanaishi humo miezi mingi, barabara ni pana na huduma ziko. Kwa huyo mtu, hesabu inaingia. Kwa hivyo jiulize: kwa mwaka nitalala humo mara ngapi? Kama ni siku 20, umenunua nyumba nzima ya siku 20. Kuna wanaosema tutaiegesha kilimani tukodishe wageni. Lakini gari lisilosonga ni nyumba tu, na nyumba ya mbao na mabati haihitaji V8.

Kusafiri na kulala barabarani si kitu kigeni kwetu. Pale Makindu, hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926 linapokea wasafiri wa Mombasa Road mpaka leo, unapewa chakula na mahali pa kulala bure, na unaacha mchango ukiwa nao. Tent mbili, jiko la gesi na HiAce ya kukodi vinakufikisha Chyulu, vinakufikisha Tsavo. Kontenti yetu ni watu na mahali, na hakuna atakayeuliza tulilala kwa kitanda gani.

Jumamosi tunapiga kura. Yangu ni hapana kwa motahomu, na hapana kubwa zaidi kwa hati ya shamba. Tukodi HiAce miezi 3, tupige vidio, tuone kama kuna mtu anatazama. Zikilipa, tununue ya kwetu. Zisipolipa, mama bado ana shamba.