DEREVA AMEVUKA MPAKA, DENI LIMEBAKI HAPA: MSIMAMO WA TAWI KUHUSU MALORI YA NJE

Ndugu wanachama,

Wiki ya pili sasa simu za viongozi wa Tawi hazipumziki, na kundi letu limejaa sauti na picha, nyingine tumelazimika kuzifuta. Kamati ilikaa jana usiku. Haya ndiyo tuliyokubaliana, na tunaomba yasomwe mpaka mwisho kabla mtu hajaanza kuyaforwadi nusunusu.

Kilichotokea mnakijua. Mwenzetu, dereva wa bodaboda na mwanachama wa Tawi hili kwa miaka 6, aligongwa saa 1 na nusu jioni pale kwenye kona ya kuingilia sokoni na lori lenye plate namba za nje. Lori lilikuwa linaovateki lori jingine lililoegeshwa pembeni. Amepoteza mguu wa kulia. Yuko wodini, anazungumza, na amewatumia salamu. Dereva alifikishwa kituoni, akaandika maelezo, akapata dhamana. Siku ya tatu lori liliachiwa kwa kuwa, tulivyoambiwa, mzigo una haraka. Siku ya nne mke wa mwenzetu alipokwenda kuulizia bima, kwenye karatasi aliyoonyeshwa palikuwa na namba ya kichwa tu. Ya tela haipo. Ya bima haipo. Namba ya simu ya dereva ipo, ni laini ya hapa nchini, na haipatikani.

Hapo ndipo hasira ilipopanda, na hatumlaumu aliyekasirika. Lakini kwenye kundi yameandikwa mambo mawili ambayo Tawi haliwezi kuyanyamazia. La kwanza ni kufunga barabara kwa mawe na matairi. La pili ni kwamba kila lori la Kongo au la Zambia linalopita usiku "lishughulikiwe". Tunasema hapana kwa yote mawili. Na kwa kuwa hapana tupu haimnunulii mtu hata panadoli, tunaeleza kwa nini, na tunaeleza tunataka nini badala yake.

Ndugu zetu, mji huu umejengwa na barabara hii. Mwaka 1965, Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake wa kibaguzi, Zambia ilibanwa njia ya kusini, na mafuta yake yakaanza kupita huku kwetu kwa malori, kwenye vumbi na matope, wazee wakaiita njia ile barabara ya jehanamu. Baadaye ikaja lami, likaja bomba la mafuta, ikaja reli. Leo shaba ya Zambia na ya Kongo inashuka kwenda Dar es Salaam, mafuta na bidhaa zinapanda kwenda Tunduma, na katikati yake kuna gereji zetu, nyumba za wageni, mama lishe, mawakala wa fedha na vijana wa kubadilisha matairi. Anayesema malori ya nje yasipite, aje kwanza amwambie hivyo mama anayeuza ugali pale stendi ya malori.

Na kuna hili la pili, zito zaidi. Vijana wa humu humu wako barabarani muda huu ninyi mnaposoma. Wako Kapiri Mposhi, wako Kasumbalesa kwenye foleni, wako njiani kuelekea Kolwezi. Kule wao ndio wageni. Afrika Kusini, tangu mwaka 2018, malori yalichomwa moto na madereva wa nje wakauawa na watu waliojiridhisha kwamba tatizo lao ni pasipoti ya dereva. Mwanachama atakayerusha jiwe kwenye kioo cha lori la Lubumbashi ajue jiwe hilo lina uwezo wa kusafiri mpaka kwa mdogo wake. Tena plate namba haikuambii aliyeshika usukani ni nani.

Kwa hiyo hoja yetu si uraia. Hoja yetu ni nani analipa.

Tazameni jinsi mzigo unavyolindwa. Mzigo wa transiti ukitoka bandarini unafungwa kifaa cha kielektroniki, na TRA wanauona ulipo mpaka uvuke mpaka. Nyuma yake kuna wakala wa forodha, mtu mwenye ofisi hapa nchini, aliyeweka dhamana. Mzigo ukishushwa njiani, kodi inadaiwa kwa mtu anayejulikana jina na anayejulikana mlango. Hakuna anayeambiwa "dereva keshavuka, hatumpati". Lori hilo hilo, dereva huyo huyo, kwa kodi linajulikana lilipo saa zote. Kwa mguu wa mtu, tunaonyeshwa karatasi isiyo na namba ya tela.

Hatuombi serikali ibuni kitu kipya. Tunaomba ile dhamana iliyopo kwa ajili ya kontena iwepo na kwa ajili ya binadamu. Lori la nje likigonga mtu, lisiachiwe mpaka bima yake imehakikiwa, mmiliki wake ameandikwa kwa jina na anuani, na wakala wa hapa nchini anayeshughulikia mzigo ule ametia saini kwamba atakuwa kiungo mpaka madai yaishe. Saini moja tu. Wakala hatalipa fidia, hiyo ni kazi ya bima, ila atakuwa mlango wa kugonga. Mzigo una haraka, tunakubali. Nayo haraka hiyo ndiyo itakayomfanya mwenye mzigo atafute hizo karatasi upesi.

Sasa kuhusu bima, maana hapa wengi wameandika kwamba "gari la nje halina bima ya kwetu, ndiyo basi". Si kweli, na uvumi huu unawafanya watu wakate tamaa kabla ya kudai. Upo mpango unaoitwa Kadi ya Njano ya COMESA, ulioanza mwaka 1987. Lori la Zambia, Kongo, Malawi, Rwanda, Burundi au Kenya lenye kadi hiyo linakuwa na bima ya kumlipa mtu wa tatu katika nchi nyingine zilizo kwenye mpango. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye Kadi ya Njano ilibaki, na ofisi ya mpango huo hapa nchini iko chini ya Shirika la Bima la Taifa, NIC. Maana yake ni kubwa: madai yanafunguliwa hapa hapa, kwa sheria za hapa. Mke wa mwenzetu hahitaji kupanda basi kwenda Ndola wala Lubumbashi kumsaka mwenye lori.

Lakini kadi hiyo inasaidia pale tu mtu alipoiona na kuiandika. Kichwa na tela vina namba tofauti, na wakati mwingine hata wamiliki tofauti. Kwa hiyo ajali ikitokea, mbele ya kelele na mbele ya kupiga video, mtu mmoja mwenye simu apige picha namba ya kichwa, namba ya tela, kadi ya bima mbele na nyuma, na leseni ya dereva. Kama jina la kampuni limeandikwa mlangoni, nalo. Halafu majeruhi apate PF3 na atibiwe. Familia ifuatilie polisi taarifa ya ajali, PF90, na ripoti ya ukaguzi wa gari, maana bila hizo kampuni ya bima haifungui hata droo. Kuna mtu atasema hiyo ni kazi ya askari. Ni kweli, ni kazi ya askari. Piga picha hata hivyo.

Na bodaboda wenzetu mlisikie hili bila kununa: kampuni ya bima itatafuta sababu ya kupunguza malipo. Itauliza leseni, itauliza taa, itauliza kofia ngumu. Mwenzetu alikuwa navyo vyote vitatu na tunavyo vithibitisho. Ndiyo maana tunaamini madai haya yanasimama.

Turudi kwa dereva, maana kutosema kuhusu uraia wake hakumwondolei lawama. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haina sura ya wenyeji na sura ya wageni. Gari la mizigo linalozidi kilo 3,500 halipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na penye makazi ni 50 kwa kila gari. Hapa kwetu, kuanzia kibao cha kuingia mji, hiyo 50 huwa inakumbukwa pale tu yunifomu nyeupe inapoonekana. Kongo, Rwanda na Burundi wanaendesha upande wa kulia, na malori yao mengi yana usukani kushoto. Akitaka kuovateki kwetu, dereva lazima atoe karibu kichwa kizima nje ndipo aone kinachokuja. Hilo analijua tangu alipovuka mpaka. Kama hakuoni, hana ruhusa ya kubahatisha na maisha yako. Tutaomba alama na mistari ya kukataza kuovateki kutoka daraja la chini mpaka baada ya soko, na tuta kabla ya kivuko cha shule.

Malori mabovu nayo. Lori likizima, unakuta matawi ya miti yametandazwa barabarani (si ya chama) badala ya pembetatu zinazong'aa, na likishatengenezwa linaondoka, matawi na mawe yanabaki kumsubiri mwenye pikipiki usiku. Hili wanalifanya wa nje na wa ndani bila tofauti. Breki pia haina uraia. Mwaka 2018 pekee jirani zetu wa Mbeya walizika makumi ya watu kwa malori yaliyoshindwa kusimama kwenye miteremko, na waliozika hawakuuliza lori lilisajiliwa wapi.

Usingizi tunautaja kwa sababu haumo kwenye karatasi yoyote. Kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, halafu foleni ya mpakani, halafu safari ndiyo kwanza inaanza. Madereva wanaolala hapa wanatuambia wenyewe: tajiri anahesabu siku, hahesabu usingizi. Kile kifaa kinachoonyesha mzigo ulipo kinaonyesha pia lori limetembea saa ngapi bila kusimama. Taarifa ipo, inatumika kwa kodi tu. LATRA na polisi waiombe. Na mmiliki aliyempa dereva muda usiotosha ashtakiwe pamoja naye, awe wa Lusaka au wa Kariakoo.

Kuhusu askari, tutasema kwa ufupi na kwa adabu. Wapo wanaofanya kazi jua kali na mvua, tunawaheshimu. Wapo pia ambao lori bovu likisimamishwa, mkono unapanda dirishani, mkono unashuka, na safari inaendelea. Kwa dereva anayebeba mzigo wa mamilioni, faini ya shilingi 30,000 ni bei ya chakula cha njiani, na kile kinachopita dirishani ni kidogo kuliko faini. Mwanachama mwenye ushahidi auleta ofisini, asiuweke kwenye kundi. Jina lake litabaki ndani ya Kamati.

Reli tunaitaja mara moja tu, maana si jambo la Tawi kulimaliza. TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 ili mzigo huu huu usipite mlangoni kwetu. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini Beijing makubaliano ya kuifufua. Tunaunga mkono. Ila mtoto wa darasa la pili anavuka barabara kesho asubuhi.

Tunachofanya wiki hii ni hiki. Barua kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa Wilaya, nakala kwa Mkuu wa Wilaya na kwa Diwani, imeandikwa na itapelekwa Jumatatu kwa mkono, si kwa simu. Inadai namba ya tela, nakala ya kadi ya bima, na maelezo ya kwa nini lori liliachiwa bila vitu hivyo kuandikwa. Namba ya kichwa tunayo, na penye namba ya kichwa mmiliki anapatikana. Mwanasheria mmoja, mwanachama wa kata jirani, amekubali kusimamia madai bila malipo ya awali. Dereva aliyepata dhamana ana tarehe ya kurudi mahakamani, na tutakuwepo ukumbini, tumekaa kimya, tunahesabu nani amefika.

Kijana mwenye hamu ya kufunga barabara aje kwanza Jumamosi saa 10 jioni ofisi ya Tawi. Tunahitaji watu 12 wa kusimama zamu kwenye kivuko cha shule asubuhi na mchana, wenye vizibao vya kung'aa. Vizibao tunavyo 5, vingine tunatafuta.

Michango ya mwenzetu ipelekwe kwa Mweka Hazina mkononi, na kila mmoja adai risiti. Namba za simu zinazozunguka mitandaoni zikiomba pesa kwa jina lake si zetu.

Picha zake akiwa amelala barabarani zifutwe leo. Ana watoto watatu na mkubwa ana simu.

Imetolewa na Kamati ya Tawi.