Kabla hujaanza kulipia tableti, ipe kazi kwanza

Wengi wetu tuligusa tableti kabla ya kuwa na yetu. Agosti 2017 tulipanga foleni ya kupiga kura, karani akatusogezea kile kifaa, tukaweka kidole na picha yetu ikatokea. Agosti 2019 vijana wa sensa wakaja bomani usiku wakiwa na tableti mkononi badala ya yale makaratasi marefu, maana hiyo ndiyo sensa ya kwanza Kenya kufanywa kidijitali. Agosti 2022 tukarudi kwenye foleni ya kura, kidole tena. Mara tatu kifaa kilituhudumia kikaenda zake.

Sasa mambo yamegeuka. Wateja wetu wa Webuye, na wenzao wa Bungoma na Kitale, wanatuuliza karibu kila wiki: kuna tableti za kulipia kidogo kidogo kwa simu, je, nichukue? Itanisaidia au itanimaliza?

Jibu letu ni hili: chukua, ikiwa tayari unajua itafanya kazi gani Jumatatu asubuhi. Kama hujui, ngoja. Na ukishaichukua, pesa zako zisikae ndani yake. Hiyo sehemu ya pili tutaieleza kwa kirefu huko chini, kwa sababu ndiyo inayotuletea simu za watu wakilia.

(Walimu wa Kiswahili wanaiita kishikwambi. Neno ni zuri, lakini ukienda nalo dukani muuzaji atakuangalia tu. Tutasema tableti.)

Webuye ni mji wa karatasi. Watu wazima wanaikumbuka Panpaper ilivyokuwa, kiwanda kilichoanza kutengeneza karatasi miaka ya 1970 na kuvuta watu kutoka kila upande. Mwaka 2009 kikafungwa, na biashara nyingi mjini zikafungwa nacho: vyumba vya kupanga vikabaki wazi, hoteli zikapungua. Mwaka 2016 kikapata mwenye kipya, kundi la Rai. Kwa hiyo mtu wa Webuye akiambiwa kwamba mashine fulani itabadilisha maisha yake, ana haki ya kuuliza maswali mawili matatu kabla ya kupiga makofi. Sisi tunapenda wateja wa namna hiyo.

Tuanze na shule, kwa sababu hapo nchi yetu ilishajaribu jambo hili kwa pesa nyingi. Mwaka 2013 tuliahidiwa kwamba watoto wa darasa la kwanza katika shule za umma watapata laptopu. Zikachelewa, mpango ukabadilishwa, na kuanzia 2016 kilichofika kwa watoto kikawa ni tableti, mwalimu akaletewa laptopu na projekta. Chuo Kikuu cha Moi na JKUAT, wakiwa na washirika kutoka nje, ndio waliopewa kazi ya kuzileta. Zaidi ya vifaa milioni 1 vikasambazwa.

Halafu? Kuna shule zilizitumia vizuri hadi leo watoto wanazungumzia. Na kuna shule nyingi ambako ziliingia kabatini, kufuli likatiwa, ufunguo akabaki nao mwalimu mkuu. Wengine waliogopa wezi. Wengine stima ilikuwa ya kubahatisha. Kwingine mwalimu mmoja tu ndiye aliyepata mafunzo, akahamishwa, mambo yakaishia hapo. Wale wa darasa la kwanza wakapanda madarasa, vifaa vikabaki kabatini.

Tusiwacheke walimu. Tumeingia nyumba ngapi tukakuta tableti imefungwa kwa leso ndani ya droo, ati isiharibike? Au chaja ilikatika Machi na mpaka Septemba hakuna aliyenunua nyingine? Kilichokwama shuleni ndicho kinachokwama nyumbani. Kifaa kilifika, lakini hakuna aliyepewa jukumu la kukichaji, kukiwekea bando na kukitoa kila siku saa fulani.

Majirani zetu wa Tanzania walifanya jambo tulilolipenda. Sensa yao ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na ilipoisha, vifaa vikagawiwa walimu. Kazi ya kwanza imekwisha, ya pili ikapatikana.

Tuje kwenye kazi za hapa kwetu. Tuna mteja mmoja, dada anayeshona nguo mjini. Zamani alikuwa na kalenda kuukuu ukutani yenye picha za mitindo, na kila mteja alichagua kutoka picha zilezile, kwa hiyo harusi ikifika nusu ya kina mama wamevaa gauni moja. Siku hizi tableti yake imening'inia kwa kamba kando ya cherehani. Mteja anapitisha kidole, anachagua kola ya huyu na mikono ya yule. Vipimo vyake viko humo, kwa hiyo mwenye nguo akiwa Kitale hahitaji kupanda matatu kuja kupimwa upya. Anatumiwa picha ya kitambaa, anatuma malipo ya kwanza kwa simu, kazi inaanza. Huyu dada ukimwuliza kama tableti imemsaidia hakuhubirii. Anakuonyesha orodha ya waliolipa malipo ya kwanza.

Katibu wa chama naye inamfaa. Daftari la chama likiloa mvua, urafiki wa miaka 10 unaweza kufa siku hiyo. Kwenye skrini kubwa wanachama wote wanaona nani ametoa na nani bado, bila kupokezana simu ndogo na kukaza macho. Mwenye kukusanya maziwa asubuhi, mwalimu wa masomo ya ziada, mpiga picha wa harusi, fundi wa fenicha anayechora kabati kabla ya kukata mbao: hawa wote tungewaambia wachukue.

Lakini tusidanganyane. Mama mboga hahitaji tableti. Mwenye boda hahitaji pia, tena barabarani itavunjika kabla ya wiki kuisha. Simu walizonazo zinapokea malipo na zinatosha. Tunasema hivi tukijua kuna wanaouza tableti ambao hawatafurahi.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano wa tableti ya shilingi 15,000 ukilipa pesa taslimu dukani. Kwa mkopo unaambiwa utoe 3,000 mwanzo, halafu 60 kila siku kwa mwaka mmoja. Sitini ni kitu gani? Ni chai na mandazi. Lakini 60 mara siku 365 ni 21,900. Ongeza ile 3,000, umefika 24,900. Yaani umelipa 9,900 juu ya bei ya duka. Hatujasema ni wizi. Pesa za mkopo zina bei yake na kuna watu hawawezi kamwe kupata 15,000 kwa mkupuo. Ila ongeza bando. Ukinunua la 50 mara tatu kwa wiki, mwaka mzima ni 7,800. Sasa uko 32,700. Yule dada wa cherehani anaweza kusema pesa hizo zinarudi. Wewe je?

Tena uliza kabla ya kutia sahihi: nikikosa kulipa siku tatu, kifaa kinajifunga? Nyingi hujifunga, na wakati huo vipimo vya wateja wako viko ndani. Kikiibwa, naendelea kulipa? Nikimaliza mapema, napunguziwa? Na unapolipa, lipa kwenye nambari ya kampuni, uangalie jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Wakala akikuambia "nitumie kwa laini yangu nitakulipia, mtandao uko chini," mwambie utasubiri mtandao upande. Zile jumbe za malipo usizifute hadi umalize. Ndizo risiti zako.

Kwa masomo ya nyumbani, wazazi wenye watoto wa mtaala wa sasa mnajua habari. Mtoto anakuja jioni na kazi: tafuta picha za wanyama wa porini, angalia video ya mmomonyoko wa udongo, kesho asubuhi inatakiwa. Unamtuma saiba giza likiingia, unalipa muda, unalipa kuchapisha. Hapo tableti ya nyumba inasaidia kweli. Na tunakumbuka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona: kuna watoto waliosoma na kuna waliokaa, na mara nyingi tofauti ilikuwa kama kuna skrini na bando nyumbani, au angalau redio. Vifaa vya masomo vya taasisi ya mitaala, KICD, vinapatikana mtandaoni. Ukipata waifai mahali, pakua mengi kwa siku moja, mtoto atumie wiki nzima bila bando.

Burudani hatuionei aibu. Jioni tableti imeegemezwa thamosi, watu watano wamebanana kwenye kochi wanaangalia sinema ya DJ Afro, kukhu naye anacheka ingawa Kichina hakijui wala Kiingereza. Mwaka wa tohara, yule mjomba aliyekwama kazini Nairobi anatumiwa video, anaona kijana wake alivyosimama imara. Simu ilikuwa ya mtu mmoja na sikio lake. Hii inaangaliwa na nyumba, na sisi tunaona hapo ndipo ilipo faida yake kubwa, na hatari yake pia.

Maana kifaa cha nyumba kinashikwa na kila mtu. Januari moja, msimu wa karo, baba mmoja alitupigia akiwa na hasira. Ameibiwa, anasema, 4,200 za karo zimeondoka kwa siku chache na hajamtumia mtu. Tukaangalia pamoja naye. Zilitoka mia mia, hamsini hamsini, usiku, kwenda kwenye mchezo wa kubahatisha. Tableti yake ilikuwa na nafasi ya laini, na yeye alitia laini yake ile ile ya pesa ili mtoto apate intaneti ya masomo. PIN ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa. Kijana wake wa miaka 13 hakuhitaji kuwa mjanja. Alihitaji kuangalia kitambulisho cha babake.

Tungependa kusema tulimrudishia. Hatukuweza. Mfumo ulipokea PIN sahihi kutoka laini sahihi, na upande wa pili pesa zilishachezwa. Kile kimya cha simu baada ya kumweleza bado tunakikumbuka. Hakuuliza tena kuhusu pesa. Aliuliza, "Sasa nimwambie nini?"

Kwa hiyo tunaomba, mzee wetu, mama yetu, ndugu yetu: laini yenye pesa ibaki kwenye simu yako, na simu ilale karibu nawe. Tableti ikiwa na nafasi ya laini, itafutie laini nyingine ya data tu, iliyosajiliwa kwa jina lako, isiyo na shilingi hata moja. Nyingi zinatumia waifai tu na hazina nafasi hiyo. Hizo unaziwashia intaneti kutoka simu yako, kisha unazima. Programu yetu ya malipo usiiweke kwenye tableti hata kama inakubali, na kama uliiweka, usisajili alama ya kidole ya mtu mwingine humo. PIN isiwe mwaka wa kuzaliwa, wala 1234, wala tarakimu za mwisho za simu. Mtoto akiwa karibu unapoiandika, geuka. Hataona vibaya, mwambie hata wewe huangalii mtihani wake kabla haujasahihishwa.

Na mtoto mwenyewe, keti naye umwonyeshe ile taarifa ya laini yako, ngapi ziliingia na ngapi zilitoka wapi. Watoto wengi hawajui kwamba zile namba kwenye skrini ni sukari na karo. Kwao pesa ni noti. Wakishaona, wengine wanakuwa wakali kuliko mama zao.

Yule baba alipiga tena Machi. Safari hii alitaka kujua jinsi ya kununua bando kwenye simu yake likaingia kwenye laini nyingine. Tukamwelekeza: unachagua kumnunulia mtu mwingine, unaandika nambari ya ile laini ya tableti, unaweka PIN, basi. Akajaribu tukiwa naye kwenye simu, likakataa; alikuwa amekosea tarakimu moja. Akajaribu tena. Tukamsikia akiita jina la kijana, na kutoka chumba kingine sauti ikajibu kwamba bando limeingia.