Imepasukia Wapi?

Makanika akikuambia bloku ya Peugeot 504 yako imepasuka, "hii ni skrapu, bosi, tuweke injini ya Toyota," muulize swali moja tu: imepasukia wapi? Wengi hawatajibu. Hawajaangalia. Wameona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, wakampigia simu broka wa injini kutoka Japani, maana broka ana kitu kidogo chao.

Oili yenye maji inaweza kuwa gaskiti ya hedi tu. Inaweza kuwa mipira iliyo chini ya slivu. Kutangaza kifo cha bloku kabla hujafungua hedi ni uvivu, na uvivu huo wateja ndio wanaulipia.

Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kumpungia mtu. Lakini nimekaa kwenye mabenchi ya Kariobangi Light Industries muda wa kutosha kuona kazi hii ikifanywa sawasawa.

Vitabu vya Ulaya vinasema bloku hupasuka maji yakiganda ndani yake. Nairobi maji hayagandi. Hapa tunazipasua wenyewe. Makanika anang'oa themostati, eti ni ya nchi za baridi. Mwenye gari anajaza maji ya mfereji miaka nenda miaka rudi mpaka kutu inaziba njia za ndani. Halafu siku moja gari inachemka kwa jam ya Jogoo Road na mtu anamwagia maji baridi chuma kilichowaka moto. Paa!

Sasa, bloku ya 504 ni chuma cha kusubu, na silinda zake ni slivu zinazochomolewa, zimezungukwa na maji. Ufa ulio kwenye ukuta wa nje wa maji haugusi pistoni. Huo unatibika. Ukiwa pale krenki inapokalia, hapo nakubali na makanika wako, ipeleke kwa wazee wa vyuma chakavu.

Fundi anayejua huanza kwa kuutafuta ufa. Anapaka mafuta ya taa, anapangusa hadi pakauke, kisha anasugua chaki. Mafuta yaliyojificha ndani yanatoka polepole na kuchora mstari. Anatoboa tundu kila mwisho wa mstari ili ufa usizidi kutembea. Katikati anatoboa mengine, anakata njia za skrubu, anafunga moja baada ya nyingine, kila moja ikiuma kidogo ubavu wa iliyotangulia. Ni kama kushona gunia. Hakuna moto. Mwisho anaziba matundu ya maji, anaingiza hewa ya kompresa na kupaka maji ya sabuni. Povu likitokea, anarudi kazini.

"Lakini bloku yangu ilichomelewa ikapasuka tena!" Najua. Ilichomelewa kwa rodi ya mageti. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi. Ukikichoma haraka na kikapoa haraka, pembeni ya weldi panakuwa pagumu kama kioo, na ufa mpya unazaliwa hapo hapo. Anayetaka kuchomelea ni lazima aipashe bloku nzima kwa makaa, atumie rodi ya nikeli vipande vifupi vifupi, agongegonge kwa nyundo, kisha aizike kwenye majivu mpaka kesho. Mambo ya dakika ishirini hayapo.

Kama gari ni ya biashara, weka Toyota, sina ubishi. Ila 504 yenyewe iliyoshinda Safari Rally 1975 na 1978, ukiing'oa injini unabaki na bodi. Kumbuka pia namba ya injini iko kwenye logibuku, na Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane. Hizi zilizobaki hapa ndizo hizo.

Mwaka 1990 serikali ilizindua Nyayo Pioneer, gari ya kuundwa Kenya, na hakuna kiwanda kilichowahi kuzitoa zikauzwe. Leo wanaojua kutibu chuma tunawapa kazi gani? Fundi mmoja ninayemjua, mzee wa sitini na kitu, anachomelea mageti ya ploti za Kayole. Vifaa vyake vya kushona bloku viko kwenye mkebe wa Kimbo. Kijana anayemsaidia hajashona hata moja, kwa sababu hakuna aliyeleta. Huko Concours d'Elegance, Ngong Road, wenye magari wamekuwa wakibeba vikombe tangu 1970. Kama bloku yako ilitibiwa mtaani, andika jina la fundi kwenye kadi ya gari, kando ya lako.

Na kabla ya kumjibu yule makanika, fungua hedi. Nunua chaki. Ukiona ufa uko kwenye ukuta wa maji, kodisha mkokoteni uipeleke Kariobangi, na ujue unalipia siku mbili tatu za mtu, si bei ya rodi.