Mamba wa Ng'ambo

Mara ya kwanza kuuziwa mamba nilikuwa sokoni Busia, upande wetu wa mpaka. Mama mmoja alikuwa ametandaza vipande vyeusi vya samaki wa moshi juu ya gunia. "Chukua mamba, mwanangu," akaniambia, "huyu ana mafuta." Nikarudi nyuma. Mamba ninayemjua mimi ana miguu minne na kesi nyingi za kujibu mtoni. Jirani yake aliyekuwa akipima omena kwa gorogoro ndiye aliyenitoa ushamba: ni kamongo tu, ametoka Uganda. Kwa Waganda, mmamba ni samaki, tena ni ukoo, na wa ukoo huo hamli. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumwotesha samaki wa watu miguu.

Toleo hili ni la viumbe wa kubuni wa vilindini. Hadithi nyingi zilizotufikia zilijaa pweza wa kuzamisha meli na samaki wenye taa kwenye paji la uso. Chache tumezichapa kwa kuwa zimeandikwa kwa ustadi. Zilizobaki zilinukia filamu kuliko maji. Mtu anakaa Malaba, malori yamepanga foleni mlangoni pake usiku kucha, naye anaazima jinamizi la bahari ambayo hajawahi kuionja chumvi yake.

Labda ni kwa sababu ziwa letu linadharaulika kwa kina. Victoria, pamoja na upana wake wote, lina mita 80 hivi pale lilipozama zaidi. Tanganyika inapita mita 1,400. Sawa. Lakini maji yetu ya ufukweni yana tope na majani, na giza la kuficha mnyama halisubiri mita elfu. Humo ndimo Waganda walimweka Lukwata, jitu la ziwani, na C. W. Hobley, Mwingereza aliyewahi kutawala kutoka Mumias, alimtaja mwaka 1913 alipoandika juu ya wanyama wasiotambulika. Mimi Lukwata simwamini. Ila aliyembuni hakwenda mbali kutafuta mwili wa kumvika.

Mtazameni kamongo mwenyewe. Ana urefu unaoweza kufika mita 2, mapezi kama kamba za viatu, na meno ya kusaga konokono pamoja na maganda yake. Wavuvi humtoa wavuni kwa tahadhari. Ni samaki, lakini mzuie chini ya maji asipande kuvuta hewa, atakufa maji. Tope likikauka anaweza kujichimbia humo, akajifunga kwenye mfuko wa ute wake mwenyewe, akaacha tundu la pumzi na kuishi kwa kula misuli yake hadi mvua irudi. Nani kati yetu amebuni kitu cha kutisha kama hicho?

Hata wa bahari kuu ni jamaa yake. Mwaka 2001 meli ya uvuvi ilimnasa silakanti karibu na Malindi, samaki ambaye wataalamu walimhesabu kuwa ametoweka tangu enzi za dinosau, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wote wawili ni wa kundi la mapezi yenye nyama, na kati yao kamongo ndiye aliye karibu zaidi na sisi wenye miguu. Kwa hiyo woga wangu pale sokoni haukuwa ujinga mtupu.

Na njia za kumpitisha kiumbe zipo. Mto Sio unaingia Victoria. Mto Malaba unaelekea Uganda, unajiunga na Mpologoma na kuishia Kyoga, ambako Nile inaleta maji yaliyotoka Victoria. Mito miwili ya mpaka mmoja inaachana huku kwetu na kukutana kule, bila pasipoti. Hadithi ya kwanza katika toleo hili inaanzia hapo Kyoga, usiku, wavuvi wawili wakisikia kitu kikipanda juu kuvuta pumzi, kila mmoja akikiita kwa jina lake.