Lita huhesabiwa nyumbani

Tarehe 1 Februari 2018, Halmashauri ya Jiji la Cape Town, Afrika Kusini, iliwataka wakazi wake wasitumie zaidi ya lita 50 za maji kila mmoja kwa siku. Ukame wa miaka mitatu ulikuwa umeyapunguza mno mabwawa. Nalo jiji lilikwisha kuonya kwamba mabomba yakifungwa, kila mtu atapanga foleni kupata lita 25 tu.

Halmashauri haikutosheka na makatazo. Ilipandisha bei kwa watumiao maji mengi, ikafunga vidhibiti katika nyumba zilizokaidi, tena ikawahimiza watu waoge kwa dakika mbili na kuyakinga maji ya kuogea ili yamwagwe chooni. Siku iliyohofiwa haikufika, na mvua za mwaka huo zikaleta nafuu.

Basi serikali ya mtaa yaweza kuweka kiwango, lakini lita huhesabiwa bafuni na jikoni. Nasi Waislamu tunacho kipimo cha zamani zaidi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba hicho hakifiki lita moja. Tujiulize: bomba tuliachalo wazi tangu viganja hadi miguu humwaga vibaba vingapi?

Wazazi wenzetu, tuweke kopo bafuni, tutawadhe kwa kipimo mbele ya watoto wetu. Tusingoje mgawo utufundishe Sunna tuliyokwisha kuachiwa.